Kiganja cha Mzee Amuri

Mimi Amuri simpendi. Nasema mapema ili usije ukanishangaa. Alikuwa fundi cherehani hapa Rumonge, mtaa wetu wa Waswahili, na kibarazani kwake palikuwa na ubao wa mchezo tuliouita safari. Ulichorwa kwa makaa: Rumonge, Magara, Gitaza, mpaka Bujumbura, halafu unarudi, na ziwa pembeni. Kila mtu na kifungo chake cha nguo. Unatupa simbi kama kete, unasogeza kifungo, na kila unapofika unasema mwenyewe mtu wako anafanya nini: analala hapo, anajificha, anagombana na mwenye mtumbwi, anageuza. Hadithi unaiendesha wewe. Utamu wote ulikuwa hapo.

Shoga yangu Kabibi, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kifungo chake alikikata kwenye koti la mumewe. Hassani alikuwa seremala wa mitumbwi, leo yuko Magara, kesho Gitaza, nyumbani haonekani.

"Walau hapa nimurudishe mimi," Kabibi alisema, nasi tukamcheka: mwanamke anamcheza mumewe!

Lakini hakuwahi kumfikisha. Mchezo ukichemka tu, Amuri anafunika ubao kwa kiganja. "Nyamazeni. Sasa nasimulia mimi." Anasimulia weee, mawimbi, vilio, mpaka mate yanamkauka. Akiinua mkono, kifungo chako kiko ziwani. Kimezama. Watu wanapiga makofi: lo, huyu muzee iko na kinywa! Kinywa kitu gani! Simbi tutupe sisi, safari aimalize yeye?

Mwaka wa uhuru, siku bendera ilipopanda, Kabibi alibakiza hatua moja kufika Rumonge. Kiganja hicho! Amuri akamzamisha Hassani huku anaimba. Kabibi alimpa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya watoto. Kesho yake akarudi kucheza, angeenda wapi, ubao ulikuwa mmoja.

Sabini na mbili ilipoingia na mauaji yake, nani alikuwa na hamu ya mchezo? Watu walichukuliwa na askari, watu walikimbilia ng'ambo ya ziwa. Hassani alikuwa kazini Gitaza. Tukamuulizia kwa kila aliyepita barabarani. Mwisho mwenzake mmoja akatuambia alimuona akipandishwa lori, na wa lori lile hakurudi hata mmoja. Mwili hatukuupata. Tukakaa matanga bila kaburi.

Na Amuri huyo anaingia! Mpaka uani kwa wanawake, adabu gani hiyo? Kanzu nyeupe, machozi tayari. Akainua kiganja.

"Nyamazeni. Niwaeleze Hassani alivyokufa."

Hukuwepo, we mtu! Lakini yeye huyooo: Hassani amepiga magoti, Hassani ameomba maji, Hassani ameita jina la mkewe. Wanawake wakaangua kilio. Wengine mpaka leo watakuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa, na nikiwasikia damu inanichemka.

Kabibi akanyanyuka, akamziba mdomo kwa mkono wake. Mzee mzima, mbele ya watu!

"Mzee Amuri, ulikuwepo?"

Akatikisa kichwa.

"Basi mume wangu usimumalize wewe."

Akatoka vilevile na kanga yake ya msiba, sisi nyuma, mpaka kibarazani kwa Amuri. Akaufuta ubao vumbi, akafungua pindo la kanga, akatoa kifungo. Simbi hakuzigusa. Akakiweka Gitaza. Pale alikaa sana, na hakusema Hassani alifanya nini, maana hakujua. Halafu Magara. Amuri alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ameiweka nyuma, na nilimtazama hivi: thubutu uitoe! Halafu Rumonge.

"Amefika," Kabibi akasema.

Ndipo akarudi nyumbani, akalia, akakaa eda.