Biri Zilizoanikwa na Dagaa

Kaka yangu ni baharia. Tulikuwa hatujaketi pamoja tangu tulipomzika baba, ndiyo maana aliponitumia kasha la biri, zile sigara nene za majani matupu, na agizo kwamba nizitunze tuje kuzivuta wote wawili akija likizo Ujiji, nililichukua kama amana.

Nizitunze! Biri ina deko kuliko mgonjwa. Ikilowa inaota ukungu, ikikauka inachoma koo. Nilizitia kwenye kopo la mfuniko wa kubana, pamoja na sponji yenye majimaji na kipimo kidogo cha unyevu, sindano yake itakiwayo kusimama kwenye sabini. Masika ikakimbilia themanini, nikatoa sponji. Kiangazi ikashuka, nikairudisha. Mke wangu alisema hata watoto sikuwahi kuwahangaikia hivyo.

Kisha mama mkwe akaja na boti kutoka Mwamgongo. Mama huyu ameanika dagaa maisha yake yote, na kwake vitu vya duniani ni vya aina mbili: vikavu na vilivyooza. Nilirudi kutoka Kasingirima nikakuta turubai uani, dagaa upande huu, biri zangu upande ule, jua likizipiga zote bila upendeleo.

"Mkwe wangu," akasema kwa huruma, "tumbaku yako ilikuwa imeshika maji. Nimeiwahi."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakavuma. Lakini mama mkwe hagombezwi. Kwetu hata sauti hupandishi mbele yake. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Ahsante." Nikaenda kufokea ukuta wa choo.

Nilizirudisha koponi, nikaongeza sponji ya pili. Sindano ilipanda. Harufu ya dagaa haikushuka.

Kaka alipofika tuliketi barazani, tukawasha. Hata kwa sponji mbili, biri ziliwaka kama nyasi kavu. Alivuta mara moja tu, macho yakamjaa machozi, akanitazama kwa maswali. Nikamwonyesha kwa jicho: mama mkwe alikuwa mlangoni, anasubiri kusikia.

Kwa mila zetu, mama mkwe wangu ni mkwe wa kaka vilevile. "Nzuri sana, mama," akasema, akikohoa.

Mama akacheka kwa furaha. "Basi ukituma nyingine, baba, usimpe huyu. Ziletwe kwangu Mwamgongo moja kwa moja."

Na kaka yangu, mtu mzima mwenye akili zake timamu, akaahidi.