Mafuta ya Mariamu Ndani ya Injini

Nikiwasimulia haya naona aibu mpaka leo, na ninyi mkicheka mtacheka peke yenu, kwa sababu siku ile hakuna aliyecheka. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi kwenye gereji ya Bwana Amirali, Singida mjini, naye alikuwa na kigari chake cha mashindano, hakina taa, hakina kiti ila cha dereva, barabarani hakiruhusiwi, kazi yake ni kuzunguka tu pale uwanja wa ndege siku za sikukuu watu wakipiga makofi. Saba Saba ile yalikuwa yanakuja magari mawili kutoka Tabora kushindana nacho, na dereva nimechaguliwa mimi (mimi, mtoto wa kijijini Mwankoko, mji mzima niliutangazia).

Kigari kile kilikuwa kinachagua vinywaji kuliko mgonjwa. Mafuta ya breki yawe mapya, yasiyochemka upesi. Rejeta itiwe maji ya mvua, siyo haya yetu ya chumvi. Hayo yote niliyafanya vizuri. Ikabaki oili ya injini. Madukani wakati huo oili ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na iliyokuwepo ni ile nzito ya matrekta, kwa hiyo Bwana Amirali akapanda basi kwenda Dodoma kuitafuta inayofaa, akaniambia kabisa kwamba asiporudi nayo gari lisiwashwe. Saba Saba ikaingia, Bwana Amirali haonekani.

Sasa, yeye mwenyewe aliwahi kunihadithia tukinywa chai kwamba zamani huko Ulaya magari ya mashindano yalikuwa yanatiwa mafuta ya nyonyo. Na mafuta ya nyonyo yako wapi kama siyo kwetu? Mama alikuwa na kibuyu kizima chini ya kitanda, na nilijua ni cha nini. Kesho yake dada yangu Mariamu alikuwa anaolewa, na nyumbani kwetu bibi harusi hatoki mpaka mama yake ampake mafuta ya nyonyo aliyoyapika kwa mkono wake mwenyewe, na kaka mtu ndiye anayeshika kibuyu mbele ya wakwe. Mama alikuwa na kifua kibovu, moshi wa kukaanga zile mbegu ulimlaza kitandani, lakini alipika, maana Mariamu ndiye binti yake pekee.

Nikajiambia bibi harusi hapakwi kibuyu kizima, nachukua nusu. Nusu haikufika kwenye alama ya kijiti cha kupimia, nikamimina iliyobaki. Oili ya zamani nilikuwa nimeimwaga harakaharaka, nyingine ikabaki humohumo ndani.

Wakwe walikuwa wameshafika kutoka Kiomboi, na ni mimi niliyeng'ang'ania waletwe uwanjani, wakae mbele kabisa pamoja na mama, waone wanaoa kwa watu wa namna gani. Mzunguko wa kwanza niliongoza, jamani, niliongoza kweli. Wa pili moshi mweupe ukaanza kutoka, na ule moshi ulikuwa unanukia. Harufu ile kila mwanamke wa kwetu anaijua, ni harufu ya siku ya harusi, nikawaona wanawake wanageuka mmoja mmoja kumtazama mama. Injini ikanguruma vibaya, ikanoki, kigari kikajiburuta kikasimama mbele ya mkeka wa wakwe.

Nilibaki ndani na kofia yangu ngumu kichwani, naona heri nisiivue kabisa. Mama akaja polepole, akainama kwenye dirisha lisilo na kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeniachia hata ya kidole?"

"Hapana, mama."

Akarudi kukaa.

Jioni Bwana Amirali akafika na debe lake la oili begani. Alipofungua injini chini yakatoka madude meusi yananata kama ulimbo, akanieleza kwamba mafuta ya nyonyo hayapatani na oili ya dukani, vikikutana vinagandana, tena haya ya kuchemshwa nyumbani hayakosi maji. Injini imekufa. Hakunitukana, alikaa tu juu ya debe lake akiitazama, na mimi ningeona nafuu kama angenitukana.

Usiku majirani walimletea mama mafuta yao, akayakataa kwa heshima, akasema mafuta ya mkono wa mwingine hayamtoi binti yake. Asubuhi nikapewa kibuyu kitupu nikishike, ua umejaa watu, na wote walikuwepo uwanjani jana. Mama akaingiza vidole, akavitoa vikavu, akavipitisha kwenye paji la uso la Mariamu, mashavuni, mikononi, taratibu, kama anapaka kweli. Mariamu amefumba macho. Kibuyu kilikuwa kinacheza mikononi mwangu, na hapo ndipo dada yangu akaninong'oneza bila kufumbua macho, "Shika vizuri, kaka. Usije ukayamwaga."

Nililia mbele ya wakwe, mwanaume mzima. Na tangu siku hiyo, kitu chochote cha majimaji ndani ya nyumba, hata yawe maji ya kunywa, sikigusi mpaka niulize ni cha nani.