Maharagwe ya Mama Feza

Juzi, kwenye kituo cha afya, nilimwona kijana anayewatibu askari kwa mazungumzo. Kila chai ya askari mzee aliyekaa naye ilipokaribia kuisha, kijana alimwongezea. Ghafla nikasikia harufu ya maharagwe makavu, kama zamani kijijini kwetu Kingi.

Wakati huo Papa, baba yangu, alikuwa amerudi kutoka jeshini, na hakutusemesha, hata mama. Lakini kila alasiri Mama Feza, jirani yetu mjane, alileta kikapu cha maharagwe, wakakaa barazani kuyachambua. Hapo Papa alinong'ona bila kukoma, maharagwe yakigonga ungo, ta, ta, ta. Nilikuwa binti mdogo na nilijua Mama Feza anamloga Papa. Mbona kwetu Papa hakuwa na neno, na kwake alikuwa na mengi hivyo?

Siku moja nilijificha nyuma ya mlango. Papa alipokwenda kunywa maji, nilimwona Mama Feza akichota maharagwe safi na kuyarudisha kwenye machafu. Nilijua nimemkamata. Alipoondoka tu, nikamkimbilia Papa.

"Papa, Mama Feza iko anakudanganya! Anachanganya maharagi yenye mulishachagua!"

Nilingoja afoke. Papa alikung'uta maganda kwenye suruali yake, taratibu.

"Minajua, mutoto yangu. Tangu siku ya kwanza."

"Sasa juu ya nini haumukatazi?"

"Juu maharagi yakiisha, ataenda kwake. Na mimi sijamaliza kusema."