Mahadhi ya Mama Klara

Atakayeandika historia ya kwaya yetu ya mtaani hapa Temeke, naomba na hili aliandike, maana kosa ni langu mwenyewe.

Kiongozi wa kata alikuwa anakuja kutazama shamba letu la ujamaa, na mie mtunzi sina wimbo mpya hata mmoja. Basi nikachukua mahadhi ambayo jirani yangu Mama Klara, mjane aliyetoka Masasi, huyaimba kwa Kimakua kila asubuhi akifua. Kimakua sikijui, ila niliona yanachangamsha! Nikayapachika maneno ya jembe na mavuno, nikawaambia wenzangu nimetunga.

Mgeni alipofika tukaimba, meno yote nje. Ubeti wa pili, akina mama wa kusini kati ya watazamaji wakajifunika khanga, wakalia. Nikajua nimewagusa. Nikazidisha madaha.

Mama Klara akaja mbele, akanishika mkono.

"Mwanangu, huu tulimwimbia baba Klara siku tunamzika."

Nikainyamazisha kwaya. Akatikisa kichwa.

"Kwetu haukatwi katikati. Umalizeni."

Tukaumaliza, na jembe lake na mavuno yake, mgeni kavua kofia, Mama Klara akituongoza kwa Kimakua.