Mtoto wa Siku ya Nne

Sulekha alipoletwa kwangu alikuwa na begi moja, mafaili matatu, na ugonjwa wa kutafuna ncha ya mtandio wake. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa wa Pokhartola, nje kidogo ya Darbhanga, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila mtu huniita dada, hata wazee. Wanafunzi wa chuo wamenipitia wengi: huja na viatu vyeupe, hukanyaga tope letu siku tatu, kisha hurudi kuandika vitabu juu yetu. Huyu hakuwa na viatu vyeupe. Alikuwa na hofu tu.

Sababu niliijua siku ya pili, alipoanza kulia juu ya bakuli la pepeta na maziwa ya mgando. Alifanya mtihani wa kuingia udaktari mara tatu, akaanguka mara tatu. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba ana daktari nyumbani. Binti alipochagua shahada ya afya ya jamii, mzee alikubali kwa shingo upande.

"Aliniuliza, 'Utatibu nani huko?'" Sulekha aliniambia. "Nikasema natibu mtaa. Akacheka. 'Mtaa hauumwi tumbo, mwanangu.'"

"Wetu unaumwa kila masika," nikasema. "Kula."

Hakula. Baba alikuwa ametoa sharti: akirudia hata muhula mmoja, masomo basi. Watu wa Samastipur, wanaomtafutia kijana wao mke, walishaona picha yake, na Jumapili ya wiki ile walikuwa wanakuja kumwona mwenyewe. Ladu, vile vitamutamu vya sherehe, zilishaagizwa kilo tano, na kwetu pande mbili zikishalishana ladu, neno limekwisha.

Kazi aliyopewa na chuo ilikuwa wiki ya matone ya polio. Unaingia kila nyumba, unahesabu watoto wa chini ya miaka mitano, unawapa matone, unawatia wino kidole cha mwisho. Ukitoka unaandika kwa chaki mlangoni: P kama wote wamepata, X kama yuko aliyebaki. Alhamisi profesa angekuja kuchagua milango kumi aikague. Aliwaambia wanafunzi wake wazi: akikosekana mtoto mmoja, unarudia muhula.

Jumatatu mchana tukafika kwa Bibi Rampari. Alitupokea nje kabla hatujabisha.

"Watoto hapa hakuna."

Lakini moshi wa ajwaini ulikuwa unatoka ndani, zile mbegu tunazowafukizia wazazi, na kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma palikuwa na chungu cha makaa na mundu wa zamani. Aliyezaliwa kwetu haambiwi zaidi. Binti wa nyumba, aliyeolewa mbali, alikuwa amerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza, ndiyo maana hakuwamo katika daftari langu. Na mtoto hatajwi wala hahesabiwi mpaka siku ya sita, atakapoandikiwa majaliwa yake. Kabla ya hapo jicho la mtu ni sumu. Hata kuuliza ni kumtakia mabaya.

Sulekha akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Akaandika sifuri kwenye fomu, akachora P mlangoni. Mgeni wa Delhi angeuliza kwa ujinga wake, na ujinga huo ungemfaa mtoto. Sisi adabu ilituziba midomo, na naona haya kusema hivyo.

Tangu hapo msichana hakutulia. "Dada, ulinusa?"

"Ninuse nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Kazaliwa leo asubuhi, kwa vile nilivyoona makaa. Jumamosi ni siku ya sita, tutarudi tumpe matone, yaishe."

"Na Alhamisi?"

"Nyumba mia mbili arobaini, yeye anachagua kumi. Usiniue kwa presha, we mtoto!"

Alhamisi profesa akaja, taulo shingoni, mwavuli mkononi. Milango tisa ikatoka safi kama ilivyoandikwa. Kisha kidole chake kikashuka kwenye orodha, kikasimama kwa Bibi Rampari.

"Watoto hakuna, bwana," bibi akasema.

Profesa huyu ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto wetu. Nikaona pua yake inapanuka, nikaona anatazama makaa na mundu. Kisha akatazama viatu vyake.

"Haya, mama," akasema, akatoa kalamu, akatia sahihi.

Sulekha alikuwa amepita! Nilikuwa tayari kumkumbatia. Yeye akaishika ile ncha ya mtandio aliyoitafuna wiki nzima, akaenda mlangoni, akafuta P. Akachora X, ikatoka na miguu ya kombo.

"Profesa, ndani kuna mtoto. Nimejua tangu Jumatatu."

Bibi akapandisha sauti. "We msichana huna haya! Siku ya nne, unataka kumla kwa macho?"

"Sitamtazama, bibi. Nitafumba macho. Dada atanishika mkono."

Bibi akageuka, akaita ndani. Mwishowe mzazi akatokea kizingitini, kamfunika mtoto gubigubi, mdomo tu nje. Sulekha akafumba macho. Nikauongoza mkono wake, na mimi natazama pembeni. Tone la kwanza, tone la pili. Kidole cha mwisho nilikitafuta kwa kupapasa, nikakitia wino. Mtoto akapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Profesa akaipiga mstari sahihi yake. "Umejitakia mwenyewe," akasema, lakini hakumtazama usoni.

Sulekha akampigia baba yake kwa simu yangu, ambayo imeharibika, lazima isikike na wote.

"Narudia muhula, baba. Mtoto mmoja sikumhesabu."

"Ulihesabu wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Na huyo mmoja?"

"Nimempa matone sasa hivi."

"Jumapili wageni wanakuja."

"Najua, baba."

Uzalendo ukanishinda, nikampokonya simu. "Mwalimu, huyu ni Phulmati, mhudumu wa mtaa. Tulioujua ukweli tulikuwa watatu, na mmoja ni profesa. Tuliufyata wote. Aliyesema ni binti yako."

Sulekha alikuwa anatafuta ncha ya mtandio aitafune, akakuta imejaa chaki.

"Muhula ni miezi mingapi?" baba akauliza.

"Sita."

"Basi wageni nitawapa chai," akasema. "Ladu naenda kuzighairi."