Phulmati na Wagonjwa Waliokataa Kufa

Nyumba ya Ukombozi ya Kashi, ile iliyo kwenye kichochoro cha nyuma ya wauza kuni, haikujengwa ili watu wapone. Watu huletwa pale wafe. Wala si kwa ubaya: anayekata roho ndani ya Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, mungu Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha, na baada ya hapo hazaliwi tena, si mtu, si mbwa, si mende. Kwa hiyo familia huja na mzee wao kutoka mbali, hupewa chumba, godoro na wiki mbili. Mzee asipokufa ndani ya muda huo anarudishwa kwao, maana wanaosubiri nafasi ni wengi.

Sasa katika nyumba kama hiyo, Phulmati alikuwa balaa.

Alikuja zamani akimsindikiza mumewe, mpika halua wa mji wa Ara. Mume akafa vizuri, bila kusumbua mtu, jani la mrehani mdomoni. Phulmati hakurudi Ara. Kule kulikuwa na mkamwana mwenye ulimi wa upanga, na zaidi ya hayo, naye alitaka kufia Kashi asizaliwe tena. Akajipachika jikoni, akawa anawapikia dengu na chapati ndugu waliokaa na wagonjwa, akapewa kijichumba kando ya jiko, akaanza kungoja. Alingoja mpaka nywele zikawa nyeupe pe. Kifo kikawa kinaingia vyumba vya wenzake na kutoka, yeye kinampita kama hakimjui. Alikuwa na afya ya punda.

Tatizo lilikuwa mikono yake. Kule Ara, mtawa mmoja wa kike alimfundisha kutibu kwa nguvu ya uhai: unapitisha viganja juu ya mwili bila kuugusa, unahisi palipoganda, unapafagia, uchafu unaukung'utia kwenye bakuli la maji ya chumvi, kisha unaweka mikono kifuani mpaka joto liingie. Phulmati hakujivunia jambo hilo hata kidogo. Kwake lilikuwa kama kujua kushona. Ila hakuweza kumsikia mtu akikohoa akatulia. Angesema anakwenda kuuliza nani anataka chai, na kabla chai haijachemka, mikono imeshafika kifuani kwa mtu.

Basi bibi mmoja wa Chapra aliyeletwa hajitambui akaamka, akauliza nani kamvisha sari mbaya namna ile. Wakili mmoja mjane ambaye wanawe walishachagua kuni za kumchomea akarudi kwao kwa miguu yake, na habari zilizofuata zikasema ameoa.

Pandit Ojha, kuhani na msimamizi wa nyumba, uvumilivu ukamwishia.

"Phulmati, hii ni nyumba ya kufia au hospitali?"

"Ya kufia, Panditi."

"Mbona watu wanatoka wanatembea?"

"Nimewapa chai tu."

"Chai! Chumvi ya jikoni inaisha kabla ya unga, halafu unaniambia chai! Mabinti wa yule bibi wa Chapra wamenitukana mbele ya Mungu. Likizo zao za kazini zimekwisha, na mama yao yuko sokoni anachagua bangili! Sikiliza, mama. Akiinuka mtu mwingine humu, mmoja tu, unafunga mzigo unarudi Ara."

Phulmati akanywea. Kurudi Ara maana yake kufia Ara, na kufia Ara maana yake kuanza upya: kuota meno upya, kuolewa upya, na pengine kupewa mkamwana yuleyule. Akaenda mbele ya sanamu ya Shiva akaapa kwamba tangu siku ile mikono yake haitagusa kitu ila unga.

Haikupita muda akaletwa Baijnath Tiwari, mkaguzi mstaafu wa tikiti za treni kutoka Gorakhpur. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Alikuja na mwanawe Girijesh, ambaye aliingia na simu sikioni na hakuonekana kuwa na mpango wa kuitoa. Phulmati alipopeleka chakula, mzee alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama abiria asiye na tikiti.

"Wewe ndiye mwenye mikono?"

"Mimi mpishi tu, kaka."

"Usinidanganye, shemeji. Sifa zako zimefika mpaka stesheni. Sasa nakwambia mapema, usinisogelee. Mimi nina safari."

"Nani kakusogelea? Kula dengu zako."

"Weka sahani hapo chini. Nitaivuta mwenyewe."

Jambo lake alikuwa amelipigia hesabu. Wenye akili, alisema, hufika kwenye ukombozi kwa maarifa. Wenye mapenzi hufika kwa kumwimbia Mungu. Wapo wanaofika kwa kutenda mema bila kutaka shukrani, na wapo wanaokaa wamekunja miguu, wakituliza pumzi mpaka nafsi nayo itulie.

"Mimi akili sikupewa," akamalizia. "Sauti yangu ni honi ya treni. Mema nimetenda machache, na shukrani nilizitaka. Miguu, unaiona, haikunjiki. Imebaki hii njia ya wavivu, kufia Kashi. Na hii nayo unataka kuniharibia?"

Phulmati alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo sahani ya Baijnath ikawa inakwenda na kachori ambayo wengine hawakuiona. Akawa anaketi mlangoni kwake, mikono ameificha ndani ya sari, akisikiliza visa vya abiria waliojifungia chooni wasidaiwe tikiti. Alimpelekea hata tambuu, kitu ambacho Ojha amekipiga marufuku. Baada ya siku kadhaa akajikuta anaharakisha chapati ili awahi mlangoni pale. Mwanamke aliyeishi miaka yote akingoja kifo, sasa alikuwa anangoja saa ya chakula cha mchana, na aliona haya kwa umri wake.

Asubuhi moja Baijnath aliamka vibaya. Girijesh akatoka mbio kwenda kuchota maji matakatifu ya mto Ganga. Phulmati alipoingia na chai, alimkuta mzee amelowa jasho, midomo imebadilika rangi.

"Shemeji."

"Nipo."

"Inauma. Nilidhani ni kama kulala. Hawakuniambia kwamba inauma."

"Nikuitie Panditi?"

"Wa nini? Ana mikono ya baridi yule." Akahema. "Hebu weka wako."

"Si ulinikataza mwenyewe nisikusogelee?"

"Nilikataza nikiwa mzima."

"Na ukiinuka je? Safari yako imekufa. Na mimi hapa natimuliwa, naenda kufia Ara."

"Nikiinuka nitasema ni chai." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Tangu mke wangu afariki, wanaonigusa ni daktari na kinyozi tu. Weka mkono, Phulmati."

Phulmati alitazama mlango. Akayafikiria yote aliyoyangoja miaka yote ile, akaogopa hasa. Kisha akapiga magoti, akaweka viganja kifuani kwa mzee. Hakufuata bakuli la chumvi, wala hakufagia kitu. Aliiweka mikono tu ikae, na hapo akashtuka kugundua anachokiomba. Alikuwa anaomba ainuke. Afukuzwe kesho, azaliwe tena, hata mende na azaliwe, mradi mzee huyu aketi kitako, adai kachori ya pili na kusema upuuzi wake.

Uso wa Baijnath ukalainika.

"Ya moto," akasema. "Kama chapati."

Pumzi zake zikatulia, zikawa ndefu, zikaanza kuachana kwa mbali. Phulmati akamshika mkono, akangoja inayofuata. Haikuja.

Girijesh akaingia na maji, Ojha nyuma yake. Ojha akamtazama marehemu, akamtazama mpishi, uso ukamchanua.

"Ram, Ram! Kaenda bila hata kukunja uso! Miaka yangu yote humu sijaona kifo kizuri kama hiki. Phulmati, kumbe mikono yako inajua na kusindikiza!"

Girijesh akazima simu, akainama akagusa miguu ya yule mama kwa heshima. Ojha, kwa furaha, akatangaza mbele ya wote waliojaa mlangoni kwamba kile chumba cha kando ya jiko ni cha Phulmati mpaka mwisho wake, hakuna mtu wa kumtoa Kashi tena. Waimbaji wakaanza kupiga matari ukumbini, maana safari kama ile ni ya kushangilia.

"Haya mama," Ojha akasema kwa upole, "mwachie mkono sasa. Ameshafika."

"Najua."

"Basi mwachie."

"Panditi," Phulmati akasema, machozi yakimtiririka, "aliyekombolewa ni yeye, si mimi. Niache nimshike kidogo."