Mpishi Asiyeandikiwa Neno

Juzi nilipita Quiterajo, kijijini kwetu, nikasimama pale lilipokuwa darasa letu. Imebaki sakafu tu, na majani yameota kwenye nyufa. Lakini nilisimama kidogo, ndugu yangu, na jenereta ya siku ile ikaanza kunguruma kichwani mwangu.

Mwalimu wetu alikuwa kaazima mashine ya sinema kule Mocímboa, pamoja na sinema ya kale isiyo na sauti, iliyotokana na kitabu alichokipenda. Sisi wasichana tukafagia, tukaziba madirisha kwa kanga mchana kweupe mpaka ndani kukawa kiza. Akina mama wakajaa mikekani, wakitafuna mihogo ya nazi. Maandishi ya Kireno yakitokea ukutani, mwalimu anatufasiria: patrau, yaani bwana mwenye shamba, kasema hivi, dona mkewe kajibu vile.

Katika nyumba ile ya patrau mlikuwa na mpishi, mwanamke mweusi. Kila akifungua kinywa, maandishi hayaji. Watu wakamcheka anavyotembea kwa kuyumba. Bibi yangu hakucheka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye jiko la patrau wa namna hiyo.

"Mwalimu," akaita, "huyu mbona hana maneno?"

"Hawakumwandikia, bibi."

"Na kwenye kitabu?"

"Kitabuni anasema sana. Ndiye anayemkataza patrau asimpige mtoto wa shamba."

"Kumbe! Na hata mweusi si mweusi. Mtazameni shingoni, masizi aliyopakwa hayakufika."

Kicheko kikakatika. Mkuu wa posto, mtu wa serikali pale kwetu, aliyekaa kwenye kiti mbele, akageuka kumtaka anyamaze. Mwalimu akamtangulia: "Basi msemee wewe, bibi."

Bibi akasimama. Mpishi akifungua kinywa, yeye anasema: "Patrau, ushushe mkono huo. Mtoto huyu ana mama yake." Akina mama wakaitika, "Mwambie!" Mkuu wa posto akarudisha uso ukutani, akatazama mpaka mwisho.

Njiani kurudi nyumbani bibi aliniambia, "Ukinyamaza, mjukuu wangu, watu watakusemea wapendavyo."

Bibi hayupo tena. Mwalimu yuko kwa wanawe Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa, na wale wa mikekani wametawanyika, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Jina la sinema limenitoka, na sura ya patrau pia. Sauti ya yule mpishi naijua mpaka leo: ni ya bibi yangu, imekauka kwa moshi, na haina woga.